Ndege Asiyefunga Mdomo

Juzi, nikirudi Uvira kwa pikipiki, nilimwona tena pale Bwegera, katikati ya mpunga: ndege mkubwa mweusi, mdomo wake una mwanya katikati kama koleo lililolegea.

Utotoni nilikwenda na mama huko kufukuza ndege. Mchana ule shamba lilinuka matope yaliyochomwa na jua. Mama alipiga kopo, ndege wadogo wakaruka wote. Yule mweusi akabaki. Nilipoona mdomo wake haufungiki, niliamini atakufa njaa. Basi wakati wa kula ugali nikajaribu kutafuna kama yeye, kinywa wazi.

“Weye, bugali iko inaanguka! Unafanya nini?”

“Minye niko nakula sawa ule ndege, mama. Nione kama atashiba.”

Mama alicheka mpaka kopo likamtoka mkononi. “Angalia, basi.”

Ndege alizamisha kichwa majini, akaibua konokono, akachomoa nyama yake taratibu kutoka kwenye gamba, akameza.

Leo najua mdomo ule uliumbwa kwa ajili ya konokono. Hata hivyo, juzi nilimwomba mwenye pikipiki asimame.

“Uko unaangalia nini?” aliniuliza.

Nilikuwa nimeacha kinywa wazi, najaribu kumeza mate.