Mlenda bila magadi nimeumaliza

Leo kliniki nzima ya presha imenicheka, lakini mshindi ni mimi!

Nesi aliuliza nani kaacha vyakula vyenye kemikali.
Nikasimama peke yangu. Nikasema mimi Mgogo, viungo vya pakiti nimesahau hata harufu yake. Nala ugali wa uwele na mlenda, hela kidogo, mwili chuma!
Wagonjwa wakapiga makofi.

"Mlenda unaulainisha na nini, baba?" nesi akauliza.
"Magadi."
"Basi ndiyo maana presha haishuki. Magadi nayo ni chumvi, baba."

Jamani, kicheko! Hata mwenye magongo aliyaangusha.

Nimerudi, nimepika mwenyewe bila magadi. Mke wangu kaonja, kasema, "Baba Neema, huu mpe mbuzi."

Nimekula sahani tatu.

Nitajieni Mgogo mwingine aliyeweza kuula bila magadi. Nasubiri hapa.