Kisima cha Dobi

Dobi alikuwa mjane wa mikono mikubwa na maneno machache. Alifua mashuka ya nyumba za wageni uani kwake, yeye na wifi yake, kwa maji ya kisima alichoachiwa na mumewe. Ukikikausha jioni, asubuhi unakikuta kimejaa.

"Hiki kama titi la mzazi," alizoea kusema. "Linanyonywa, linajaa."

Kuvuta ndoo kulipomchosha alifunga pampu, na kazi ikaongezeka. Majirani nao hawakukubali kupitwa. Mmoja akachimba chake cha kuoshea magari, mwingine cha kufyatulia matofali. Mtaa mzima ukawa unanguruma tangu alfajiri.

Kiangazi kile pampu ilianza kukohoa. Mashuka yakatoka na rangi ya chai. Dobi akamwita mchimbaji aongeze kina. Mchimbaji alishuka kwa kamba, hakukawia kutoka, akakaa ukingoni akijifuta tope.

"Vipi, fundi?"

"Hapa sichimbi, mama. Mchanga wa chini unatembea."

"Maji si yatarudi tu? Miaka yote yanarudi."

"Yanarudi kwa mwendo wa mvua. Nyie mnayavuta kwa mwendo wa mashine."

Wifi alicheka, akasema fundi mvivu hakosi kisingizio. Dobi akatafuta mwingine asiye na maneno mengi. Bomba likashushwa zaidi, na maji yakaja, meupe kama yaliyooshewa mchele.

Kisha mlango wa jiko ukakataa kufunga. Kesho yake Dobi aliona ufa mwembamba kama unywele umetoka kisimani, umepita chini ya kamba za kuanikia, umepanda ukuta wa chumba anacholala. Haikupita wiki, kidole chake kikaingia.

Alizima pampu. Akarudisha nguo za watu, akamwambia wifi ahame na watoto wake.

"Na wewe je?"

"Ngoja kwanza niseme na majirani."

Alizunguka nyumba kwa nyumba. Walimpa kiti, wakamsikiliza kwa heshima.

"Mbona kwangu yanatoka vizuri tu, mama?" akasema mwosha magari, na mpira wa maji haukutoka mkononi mwake.

Dobi alirudi, akaketi juu ya beseni alilolifudikiza. Pampu yake ilikuwa imenyamaza, lakini sakafu ilitetemeka chini ya nyayo zake kwa pampu za wenzake. Kisimani udongo uliendelea kumeguka punje kwa punje, na hakusikia hata moja ikigusa maji.