Mtandao wa Kichuguuni

Winifrida hajui kunong'ona. Kwaya ya kigango imemweka mstari wa nyuma kabisa, na hata huko nyuma anawafunika walio mbele. Msimlaumu. Kwa miaka kumi na moja mama huyu amekuwa akipiga simu zake juu ya kichuguu, kwenye upepo wa Ufipa, na huko asiyepaza sauti hasikiki.

Kichuguu chenyewe kiko nyuma ya kanisa. Ndipo mahali pekee kijijini kwao, upande wa Chala, ambapo simu inanasa mtandao. Wamekichongea ngazi, wameweka kiti juu, na wana foleni yenye heshima zake: mwenye mgonjwa kwanza, kisha wenye watoto wa mbali, wachumba mwisho. Kwa sababu ya upepo sharti uweke spika, kwa hiyo siri hakuna. Posa zimekubaliwa hapo mbele ya watu, na posa ya kijana mmoja, Felisian, ilikataliwa hapo hapo, foleni nzima ikampa pole.

Kasoro yake ni moja tu. Kichuguuni unaweza kupiga lakini huwezi kupigiwa, labda uhamie huko na godoro. Ndiyo maana bintiye Jenifa, aliyeolewa Kirando, alipojifungua mtoto wa kwanza mwezi wa pili, Winifrida aliipata habari siku ya nne, tena kwa muuza dagaa. Alicheza, akalia, kisha akapandwa na hasira. Bibi gani anapashwa habari za mjukuu wake huku akipimiwa dagaa? Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila mnara wa simu.

Na mnara walishaukosa mara mbili, kwa ukarimu wao wenyewe. Ofisi inayopeleka minara vijijini hutuma mtu aje na swali moja: je, simu inapatikana hapa? Sasa mwenyekiti wa kijiji, mzee Dominiko, hawezi kumwona mgeni akihangaika. Mara zote mbili alimshika mgeni mkono, akampandisha kichuguuni, akamkalisha kitini, akaiomba foleni impishe. Mgeni akaongea na wakubwa zake vizuri kabisa, akashukuru, akala kuku, akaandika: "Inapatikana." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wageni hawa walikuwa wanaondoka na dawa yote.

Mwaka huu alikuja wa tatu, kijana mpole anayeitwa Hamidi, juu ya pikipiki, Jumapili watu wakitoka misa. Alisema kijiji chao ndicho cha mwisho kwenye orodha yake, na orodha inafungwa kesho. Winifrida alikuwa ameshamwapisha Dominiko kwamba safari hii kichuguu hakipo, hakikuwahi kuwapo. Mzee akavumilia dakika tano. Hamidi alitoa simu, akainyanyua juu, akazunguka nayo uwanja mzima bila kupata hata kimstari, na Dominiko akawa anatokwa jasho katika baridi ile.

"Mwanangu, utachoka bure," mzee akashindwa. "Njoo huku..."

"Mwenyekiti!" Winifrida akapiga ukelele.

"Mama Jenifa, ni mgeni huyu!"

Ikawa imekwisha. Kiti kikafutwa vumbi, foleni ikapisha, Hamidi akampigia mkewe mjini. Mkewe akamuuliza, kijiji kizima kikisikia, kwa nini ameondoka bila kujaza mtungi wa gesi.

"Omba samahani!" watu wakamshauri kutoka chini.

"Hao ni akina nani?" mke akauliza, na vicheko vikawaangusha watu. Hata Hamidi alishuka akifuta machozi. Kisha akachomoa kalamu.

"Haya mama zangu, mtandao upo."

Winifrida akaweka kiganja juu ya karatasi. "Mwanangu, umepiga. Hujapigiwa. Mimi nakwenda nyumbani kwangu, pale penye bati jekundu. Nipigie. Ikiita, andika upendavyo."

Hamidi akaandika namba ya simu ya Winifrida.

Winifrida akasimama jikoni, simu mkononi, imewashwa na ina chaji, kwa maana yeye si mwizi. Simu hii ilishawahi kuita humu jikoni, mara moja tu, Pasaka ya mwaka juzi, akamwaga uji wote. Miaka yote hii amemsumbua Bikira Maria ili iite, na leo anambembeleza isiite. Kimstari kimoja kikachomoza kwenye kioo. "Usiite," akaiambia. "Ukiita leo nakutia kwenye moto." Kimstari kikacheza, kikazimika. Akasubiri, akasubiri, mpaka vigelegele vikalipuka huko nyuma ya kanisa.

Alikimbia kanga ikimdondoka. Alimkuta Hamidi kitini, spika imefunguliwa, sauti nyororo ya mwanamke ikimweleza kwamba mteja anayempigia hapatikani kwa sasa.

"Rudia!" watu wakashangilia. Hamidi akapiga tena, na safari hii wote wakaitikia pamoja na yule mwanamke, hapatikani kwa sasa, Dominiko akicheza kwa fimbo yake kama bwana harusi.

Hamidi aliandika "Haipatikani," na chini yake, kwa herufi kubwa: "WANAPIGA, HAWAPIGIWI." Akakunja karatasi, akamgeukia.

"Mnara ukisimama, mama, utampigia nani wa kwanza?"

"Simpigii mtu," Winifrida akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitakaa jikoni kwangu, ningoje."