Kinanda cha Jumapili Jioni

Betri zilizoanikwa juani zina harufu yake, harufu ya chuma na kutu, na hadi leo nikikutana nayo najiona niko Maneromango, msichana mdogo, nazigeuza juu ya bati kama mihogo ili zikauke pande zote. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa na betri zilikuwa zimeadimika madukani. Baba alifanya kazi Kibaha, na mvua zikishaharibu barabara hatukumwona yeye wala mzigo wake wa betri. Kwa hiyo betri kuukuu tulizibembeleza kwa jua, zipate nguvu ya jioni moja tu, ya Jumapili.

Jioni hiyo redio ilikuwa na kipindi kirefu: kwanza mchezo wa kuigiza, kisha mashairi, na mwishoni kabisa muziki wa Kizungu wa vinanda na fidla. Bi Mwajuma, jirani yetu wa mbele, alikuja kwa ajili ya mchezo, akawa anawagombeza waigizaji kana kwamba wamo sebuleni. Mzee Kondo alikuja kwa ajili ya mashairi, na kila ubeti aliutia kasoro. Mama aliungoja muziki. Alipokuwa msichana alifundishwa misheni kupiga kinanda cha kanisa, kinanda ambacho baadaye mchwa walikimaliza, na tangu hapo mikono yake ilishika jembe tu. Lakini zamu yake ilipofika redio ilikuwa imeshakauka sauti, inakoroma, halafu kimya. Angesema nini? Huwezi kumzimia mgeni redio. Alirudi kutoka shamba la kijiji miguu imemvimba, akawapa wageni benchi, yeye akakaa mkekani, na kila Jumapili akaambulia mkoromo. Mimi mtoto nilichoka kwa niaba yake.

Wiki moja mtangazaji aliahidi kwamba Jumapili inayofuata, zamu ya muziki, kitapigwa kinanda cha kanisa peke yake, mwanzo hadi mwisho. Safari hiyo mama alizianika betri mwenyewe. Jumapili ikafika, wageni wakaja, na mchezo ulipofika pale mama mkwe anapotaka kufungua sanduku la bi harusi, mama alinyoosha mkono akazima redio.

"Mama Neema, vipi tena?" Bi Mwajuma alishtuka.

"Nisameheni, jirani zangu. Betri hazitafika. Leo na mimi nataka kusikia changu."

Niliona aibu hadi nikaangalia chini. Nilidhani watainuka waende zao. Lakini Bi Mwajuma hakuweza kulala bila kujua yaliyomo sandukuni, akaanza kuyabuni mwenyewe. Akawa mama mkwe, akawa bi harusi, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mzee Kondo naye akatoa shairi alilolitunga yeye, na hilo hakuliona kasoro hata moja. Mara kwa mara mama alifungua redio, akikuta bado ni mashairi, anazima. Mwishowe kinanda kikaja, kwa sauti nzima. Vidole vya mama vilitembea juu ya mkeka, na hakuna aliyefungua mdomo, ingawa kesho yake Bi Mwajuma alisema muziki ule ni kama ng'ombe wa Magindu wanaodai maji. Kilipokwisha, mama alijifuta macho kwa upindo wa khanga, akawashukuru.

Jumapili iliyofuata betri zilikuwa zimekufa kabisa, na hakuna mtu aliyekuja. Mama alikaa akiutazama mlango, kisha akanituma. "Nenda kawaite. Waambie redio haisemi, lakini waje." Wakaja.

Sasa naishi Mlandizi, na mama niko naye. Narudi kutoka kazini Dar nimechoka hata kuongea siwezi, naona kila mtu mtaani kajifungia na simu yake, na mimi nimo. Juzi Jumapili nilikitafuta kinanda kile kwenye simu, nikakipata, chaji imejaa, sauti safi kuliko redio yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Nilimwekea mapajani. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya khanga, nami nikafurahi kwamba hatimaye kapata chake bila kumwomba mtu radhi. Halafu vikasimama.

"Kizime kwanza, mwanangu."

"Umechoka, mama?"

"Hapana. Wenzangu hawajafika."

Bi Mwajuma na Mzee Kondo tuliwazika zamani, naye mazikoni alikuwepo. Nilizima, tukakaa tunautazama mlango.