Rangi Juu ya Kutu

Jirani yangu ni fundi wa matairi. Kazi hiyo aliianza akiwa bado na nywele kichwani, na sasa bega lake la kulia limezeeka kabla yake. Akiamka hulikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha hulizungusha polepole, kama anayembembeleza punda mkaidi. Mkewe akimwambia apumzike, hujibu, "Nikikaa nitaota kutu."

Alasiri moja kaka wa mkewe alifika na teksi yake imeinama upande mmoja. Hawa wawili kwa kawaida hutaniana sana, lakini siku ile shemeji alikuja amenuna.

"Shemeji, matairi yako yananiaibisha. Unaziba leo, kesho yako chini."

"Matairi ni yako. Mimi nina kandambili tu."

Shemeji hakucheka. Kila alfajiri alikuwa akiwapeleka wauguzi kazini, na mara mbili walimkuta amechuchumaa na pampu. Mkubwa wao alishamwambia akiwachelewesha tena watatafuta gari jingine. Kazi nyingine ya uhakika hana.

Fundi akafungua gurudumu la mbele, akalipaka povu la sabuni. Mpira wenyewe ulikuwa mzima. Lakini pale mpira unapokutana na ringi, mapovu yalichomoza madogo madogo, hayakomi. Alipolibandua tairi, ukingo wa ringi ulikuwa umeumuka kwa kutu, na juu ya kutu kulikuwa na rangi ya fedha inayobanduka kama magamba ya samaki.

"Nani kapaka hii?"

Shemeji akatazama barabarani. "Ilikuwa harusi ya binti yangu. Nilitaka gari lipendeze."

"Mpaka huku ndani? Bibi harusi alikaa kwenye tairi?"

"Weka tyubu basi, niende zangu."

"Kutu hii itaitoboa. Utawashusha wauguzi njiani."

Akafungua na magurudumu mengine, nayo yalikuwa vivyo hivyo. Akachukua brashi ya waya, akaanza kukwangua. Ringi ya kwanza aliimaliza kwa kuuma meno. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na katikati bega likagoma. Brashi ikamponyoka. Akakaa juu ya tairi, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Brashi ile hakuwahi kumwachia mtu, hata mwanawe.

"Shika," alisema mwishowe. "Usinitazame mimi, tazama chuma."

Shemeji akakwangua, akikohoa vumbi jekundu.

"Hapa pameng'aa."

"Pitisha kidole."

"Panakwaruza kidogo."

"Basi na upepo utapita kidogo. Endelea."

Jua lilizama wakiwa kwenye ringi ya mwisho. Walipiga msasa, wakarudisha matairi, wakajaza upepo. Fundi alipaka povu kote kwa mkono wa kushoto, akainama kutazama. Hakuna kilichochomoza. Shemeji akaondoka amekunja mgongo, bila hata kuaga vizuri. Wote walikuwa hoi.

Alfajiri fundi alitoka na kanga ya mkewe mabegani, akaenda hadi uani kwa shemeji. Gari halikuwepo. Akarudi, akajilaza tena.

Mkewe alipomletea chai, aliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Gari limeondoka?"

"Limeondoka."

"Na wewe leo utafungua kibanda, kwa bega hilo?"

Fundi alikunywa kwanza.

"Kaka yako akirudi mwambie apitie kwangu," alisema. "Kuna ringi za watu zinangoja, na mkono wake si mbaya."