Tsuyako na Mwaka Theluji Ilipochelewa

Mtaani kwetu Yokote, kaskazini mwa Japani, hakuna aliyeitukana theluji kama Tsuyako. Kila asubuhi ya majira ya baridi ungemsikia na beleshi lake mbele ya kibanda chake cha achari za figili. "Umerudi tena, mshenzi wewe! Jana nimekutoa, leo umelala palepale!" Sisi majirani tulikuwa tukifungua madirisha kidogo, baridi isiingie sana, ili tusipitwe na uhondo.

Basi ukaja mwaka theluji ikagoma. Desemba mvua, Januari mvua, mapaa meusi, barabara tope tupu. Tsuyako akajinunulia mabuti mekundu, akawa anapita nayo mtaani kama bibi harusi.

"Shemeji, umeiloga," Eizaburo, mdogo wa marehemu mume wa Tsuyako, alimwambia. Eizaburo ndiye fundi wetu wa kamakura, vile vijumba vya theluji ambavyo watoto hukaa ndani yake Februari, wakamtolea mungu wa maji sadaka na kuwakaribisha wapita njia.

"Niiloge mimi? Imeona haya yenyewe, ikahama."

"Sawa. Basi mwambie Honoka akae kwenye kamakura ya matope."

Hilo lilimchoma Tsuyako. Honoka, mjukuu wake, alikuwa darasa la sita, na huo ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho kuwa mwenyeji ndani ya kamakura. Malori ya manispaa yalikuwa yalete theluji kutoka milimani, lakini ya kutosha viwanja vikubwa tu. Mtaa wetu ungeambulia patupu.

Mtoto hakulia. Tsuyako alimkuta jikoni, ameshika upawa, anaikaribisha friji kama mgeni: "Karibuni ndani! Karibuni mwombe!" Bibi akarudi nyuma kwa kunyata.

Kesho yake akatoka nje, akakodolea macho mbingu. "Haya wewe, njoo. Lakini usijizoeshe!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mbingu nayo ikajibu kwa manyunyu.

Ilikuja wiki iliyofuata, na ilikuja kwa fujo. Tuliamka hatuoni nyumba ya pili. Honoka alitoka mbio na soksi, akipiga kelele, "Bibi! Imekuja! Imekuja!" Milango ikafunguka mtaa mzima, watu wazima wakirushiana mabonge kama vichaa. Eizaburo, kwa furaha, alilirukia beleshi lake, akainua bonge moja, mgongo ukakwama papo hapo. Tukambeba kama gogo hadi kitandani.

"Sasa nani atachimba?" akaguna.

"Mimi," akasema Tsuyako.

"Wewe? Si kazi yako kuitoa, siyo kuijenga?"

"Kwani beleshi linajua tofauti?"

Tukarundika theluji, tukaikanyaga, tukaimwagia maji, tukarundika tena mpaka rundo likatupita urefu. Eizaburo aliomba kitanda chake kisogezwe dirishani, akawa anafoka kutoka juu, "Iache ikae! Ishike kwanza!" Lakini shemeji yake alikuwa ameshapandwa na mori. Siku ya pili tu akatoboa mlango, akaingia kwa magoti, tukawa tunaona theluji ikirushwa nje kwa fujo. Kisha rundo likashusha pumzi, puuu, likakaa chini.

Mabuti mekundu tu ndiyo yaliyobaki nje.

Tulifukua kwa mikono. Honoka alikamata buti moja, mimi la pili, tukavuta na wenzetu nyuma yetu. Tsuyako akachomoka, nyusi nyeupe, mdomo umejaa. Akatema, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaangua kicheko ambacho sijapata kukisikia kwake.

"Mnatazama nini? Rundikeni lingine!"

Safari hii alimtii shemeji yake. Alisubiri theluji ishike, akachimba polepole, akisimama kila mara kutazama mwanga unavyopenya ukutani, asije akaufanya ukuta mwembamba mno.

Jioni ya sikukuu theluji ilianguka kwa mabapa makubwa, bila upepo. Mshumaa uliwaka mbele ya mungu wa maji, mochi, vikate vya mchele, zikafura juu ya makaa kando ya sufuria ya amazake, kinywaji kitamu cha mchele, na Honoka akawa anaita, "Karibuni ndani! Karibuni mwombe! Amazake ni ya moto!" Wageni walipanga foleni, wakaingia wameinama, wakatoka na midomo mitamu.

Eizaburo aliletwa kwa kigari cha kuburuta. Akajikokota ndani, akapapasa dari, akatafuta kosa.

"Mlango umepinda."

"Kuliko mgongo wako?"

Kijumba kizima kikalipuka kwa vicheko. Honoka akamimina amazake pembeni ya kikombe kwa kucheka.

"Bibi, mochi zimekwisha, na watu wamefika mpaka kona!"

"Waambie wasiondoke!" Tsuyako akatoka mbio kwenda nyumbani, akateleza, akaanguka, akainuka, akaendelea kukimbia huku akicheka peke yake katikati ya barabara.