Sista Beatha na Ndoo ya Kwai

Alizaliwa mwaka 1948 huko Kwai, katika milima ya Usambara, binti wa wakulima Wakatoliki. Nyumbani kwao kilisemwa Kishambaa tupu, na alipoanza shule Beatha hakujua Kiswahili. Mwalimu alimwona mzito wa kichwa, kila mkaguzi alipokuja akamtuma maji mtoni. Ni huko mtoni, aliwasimulia masista wenzake baadaye, alikomwahidi Mungu huku analia kwamba atakuwa mwalimu.

Aliweka nadhiri mwaka 1971, akafundisha miaka mingi. Serikali iliporuhusu vyuo binafsi vya ualimu na Wakatoliki wakafungua chao Lushoto, alikabidhiwa kuwaandaa walimu. Kifua kilikwisha kuanza kumsumbua, lakini hakuacha kuwakagua wanachuo mashuleni, akiketi na watoto dawati la nyuma kabisa.

Masika ya mwaka 2002 daktari alimkataza kutoka. Lakini Hezekia, mwanachuo aliyekuwa mazoezini Kwai, alikwisha kufeli ukaguzi wa kwanza. Asipokaguliwa tena wiki ile, chuo basi. Sista akaenda. Njiani, mvua ikimwagika, alimkuta Tatu, mwanafunzi wa Hezekia, binti wa Mwanaidi wa pale kijijini, analia na ndoo kichwani.

"Shikamoo, Sista. Mwalimu kanituma maji. Kasema nikiwepo nitamwaibisha."

Moyo wa Sista uliuma kama siku zile. Alimvika mtoto koti lake, akajitwisha ndoo, akapanda naye kilima akikohoa.

Hezekia alipowaona mlangoni alijua kaumbuka, maana wanafunzi wengine alikwisha kuwakaririsha majibu tangu jana. Sista akaketi nyuma na Tatu, nguo zikimchuruzika maji. "Anza upya, mwalimu. Muulize huyu."

Hezekia akamuuliza Tatu maji ya mto hutoka wapi. Vidole vya wengine vilikuwa juu, naye alitamani sana kuwageukia; akangoja. Hatimaye Tatu akajibu kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo, kwamba hutoka msituni. Sista akalia waziwazi.

Kesho yake homa ya mapafu ilimlaza. Hezekia alipiga magoti kando ya kitanda. "Sista, nimekuua."

"Ulingoja, mwanangu," akamjibu. "Umefaulu."

Alifariki siku hiyohiyo, na huzuni yake haijatutoka.

Kanisa halijatamka neno juu ya utakatifu wake, nasi hatulitangulii. Ila Mwanaidi, Mwislamu, husema tangu siku ile binti yake hanyamazi hata akiombwa. Hezekia sasa ndiye mkaguzi. Kabla ya somo huuliza nani hayupo, kisha huteremka mwenyewe mtoni kutazama. Nawe mwalimu unayesoma haya, fanya vivyo hivyo.